Mwenye Kufika Kwanza Achague Chekeche

Baba,

Mashine ya kusaga inaunguruma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula. Injini ni ile ile, hendeli ni ile ile, ila mkono unaoizungusha siku hizi ni wangu. Siku ya kwanza wanaume wa hapa Rodi Kopany walikuja kunitazama kama watu waliokuja kuona sarakasi. Injini ilipowaka, wote wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

Nimekukosa sana. Kuna asubuhi nafungua mlango, nanusa pumba na dizeli, halafu najikuta nimesimama tu, nangoja uniite "Mama". Tangu utotoni uliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yako. Wengine wote wananiita Atieno. Ni jina zuri, lakini sasa hakuna tena mtu wa kuniita Mama kabla sijazaa, na hilo linaniuma kuliko nilivyodhani.

Baada ya matanga, kaka Owino hakurudi Kisumu mara moja. Alikaa kwenye benchi lako siku nzima ya soko, akatazama kazi. Aliona kile ambacho mimi nilikiona hata ulipokuwa hai, ila nani angekuambia? Aliyefika kwanza alisagiwa kwanza, basi. Akija mwenye mahindi, unafunga chekeche la matundu madogo. Anayemfuata ana mtama na muhogo, kwa hiyo unazima injini, unafungua bolti, unafunga chekeche la matundu makubwa, unapiga hendeli upya. Anayefuata ana mahindi tena, unazima tena. Na katikati ya bolti unauliza habari za ng'ombe wa mtu, kama amezaa, kama ndama ni jike.

Kina mama walikupenda kwa hayo. Lakini wenye haraka walikuwa wameshaanza kuvuka barabara kwenda kwenye ile mashine mpya iliyofunguliwa ng'ambo, mabeseni kichwani, wakipita mbali kidogo ili usiwaone. Uliwaona. Nakumbuka ulivyokuwa ukijifanya unatafuta kitu chini ya magunia mpaka wapite.

Owino aliniambia injini hii inakunywa dizeli kuliko inavyotulisha. Kwamba Krismasi ikifika watu wakiwa bado wanavuka barabara, ataiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa Isebania. Hakusema kwa ubaya, ana watoto shuleni. Lakini nilimsikia kana kwamba ananiambia tukuzike mara ya pili.

Basi nikaanza kuitengeneza kazi. Bolti nilizipaka grisi zifunguke bila vita. Spana niliining'iniza kwa kamba kando ya injini, maana nimechoka kuitafuta kila siku, nawe hupo tena wa kuwasingizia kuku kwamba wameificha. Kisha nikatenga laini mbili za mabeseni. Mahindi yakawa upande wa ukuta, mtama na muhogo upande wa dirisha. Nilisaga mahindi yote kwanza, nikabadilisha chekeche, ndipo nikasaga mtama. Kazi ikaenda mbio. Nikajiona fundi, nikajisemea moyoni kwamba Owino atatafuta kitu kingine cha kuuza.

Halafu akaja Nyar Kanyada. Unamjua, yule mama mzee wa mtama anayetoka kwake kungali na giza ili awe wa kwanza, na asipokuwa wa kwanza siku yake imeharibika. Alinikuta hata sijafungua. Niliweka beseni lake kule dirishani. Wenye mahindi wakafika baada yake, wakasagiwa, wakaondoka na unga ungali moto, na yeye amekaa tu kwenye gogo anawatazama. Sikumwona, Baba, nilikuwa nafurahia kasi yangu. Hakugombana na mtu. Alinyanyuka, akajitwika beseni lake, akavuka barabara.

Afadhali angenitukana.

Jioni hiyo nilikaa kwenye benchi lako. Nikakumbuka yule mke wa tajiri aliyetaka umpitishe mbele kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Ulimwambia huku unatabasamu, "Ngoja zamu yako, mama. Hata hawa wana sufuria inayowangoja jikoni." Nikaelewa kwamba watu hawakuwa wakifuata unga tu kwako. Mwanamke ambaye nyumbani anakula wa mwisho, hapa alijua kwamba akifika wa kwanza, yeye ndiye wa kwanza. Mimi nilipunguza kazi ya bolti, nikamnyang'anya hilo.

Lakini kurudi kwenye utaratibu wako pia sikuweza, injini ingeuzwa Krismasi ikifika. Niliwaza mpaka nikapata njia. Nikachukua sukari kidogo, nikaenda nyumbani kwa yule mama wa mtama, nikamweleza: laini zitabaki mbili, ila yule atakayefika kwanza kuliko wote ndiye atakayechagua chekeche la kuanza nalo. Akiwa wa mtama, mtama wote utangulie. Akiwa wa mahindi, mahindi yatangulie. Nyar Kanyada aliniuliza kama nimekula, akanipa uji.

Siku ya soko iliyofuata nilimkuta mlangoni.

Ungecheka, Baba. Wenye mahindi waliposikia, nao wakaanza kudamka. Sasa watu wanafika mapema kwa kushindana, wanataniana huko nje, na mimi nabadilisha chekeche mara chache tu siku nzima. Jua likikolea watu wameshaondoka, wanawahi soko. Wale waliovuka barabara walianza kurudi mmoja mmoja, na safari hii wanapita karibu kabisa na mlango ili niwaone. Habari za ng'ombe bado nauliza, ila nauliza injini ikiwa inasaga, kwa kupiga kelele.

Desemba Owino akaja, na mfanyabiashara wake wa Isebania nyuma yake, viatu vinang'aa. Nilipowaona niliangusha kibaba cha kupimia. Yule bwana akayaruka mabeseni ili akaikague injini. Nyar Kanyada akanyoosha mguu wake mlangoni, na kwa vile mgeni hasikii Dholuo, akamsemesha kwa Kiswahili cha soko:

"Wewe umeleta nini? Mahindi ama mtama?"

Bwana akasema hajaleta kitu, amekuja kuona mashine.

"Basi hauna laini hapa. Toka kwa mlango, unazuia watu."

Kina mama wakaangua kicheko. Owino naye akacheka, na alikuwa anacheka kicheko chako, kile cha kushika tumbo, mpaka mimi ndiye niliyelia. Akatazama laini zote mbili zilizofika hadi nje. Akamsindikiza mgeni wake stendi, akarudi, akavua koti, akaniuliza spana iko wapi. Nikamwonyesha kamba. Habari ya kuuza hajaitaja tena.

Sasa sikiliza. Wiki ijayo tunafanya kumbukumbu yako, na ugali wa wageni ni wa mtama wa shamba lako mwenyewe. Nyumbani walidhani kwa vile mashine ni yetu, utasagwa wakati wowote. Nimekataa. Nitaubeba mwenyewe mapema, niuweke kwenye laini ya dirishani kama mtu yeyote. Nikikuta mwenye mahindi ametangulia na amechagua chekeche lake, utangoja, Baba. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: maadamu hendeli hii iko mkononi mwangu, hapitishwi mtu mbele ya wenzake, hata wewe.

Pumzika. Zamu yako ikifika nitakusagia laini.

Ni mimi,
Mama.