Pipa Nililolisugua kwa Sabuni

Scarborough, Toronto

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia kutoka Japani, marahaba, mama. Huku tu wazima. Mdogo wako bado ananijibu kwa Kiingereza, ila ugali anauomba kwa Kiswahili.

Unaniuliza kama yule mzee mwenye kiwanda cha sake alikudharau. Umeenda kote huko kujifunza pombe ya mchele, naye anakuzuia mlangoni kwa sababu asubuhi ulikula maharage yaliyochachushwa! Nimecheka mpaka miwani ikaanguka.

Nilipokuwa msichana kule Moshi, bibi yangu alikuwa na pipa kuukuu la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Harusi ya shangazi ilipokaribia, nikalisugua kwa sabuni likang'aa. Mbege ikalala kimya, bila povu. Bibi akalinusa pipa, akanitazama.

"Umewafukuza wanaotufanyia kazi," akasema.

Alimaanisha chachu, iliyokaa kwenye mbao za pipa miaka na miaka. Akanituma kwa jirani nikaombe kata moja ya mbege yao, tukaimimina. Kesho yake pipa likanguruma, na harusini tulicheza mpaka ngoma ikapasuka.

Mzee wako naye anailinda chachu yake, isivamiwe na vijidudu vya maharage yako. Halafu umeandika mwenyewe kwamba alikuambia, "Kesho kula wali, ndipo uje."

Sasa mama, asiyekutaka angekuambia cha kula ili uje?

Bibi yako anayekucheka kwa upendo