Mega Moja kwa Sekunde

Jumatatu, 10 Machi

Madaftari arobaini ya Form Two. Nimesahihisha kumi na moja. Swali la kugeuza gigabaiti kuwa megabaiti limewashinda karibu wote. Shemeji kapiga simu kutoka Kirewa. Apiyo kajigonga tena mlangoni. Mchana kweupe. Uvimbe ulioko kichwani unabana macho. Ni pacha wangu, na mimi nimekaa hapa Busia na kalamu nyekundu.

Jumanne, 11 Machi

Amepatikana daktari wa upasuaji. Yuko Mombasa, ila wiki ijayo atakuwa Kisumu siku mbili. Nafasi imebaki moja. Anataka kwanza kuona picha za kichwa, na orodha inafungwa keshokutwa saa nne asubuhi. Picha ziko kwenye diski. Nimevuka mpaka kwenda kuichukua Kirewa. Apiyo alikuwa kitandani, anauangalia ukuta. "Daktari amekubali?" akauliza. Nikasema ndiyo. Sijui lolote.

Jumatano, 12 Machi

Diski ina giga moja nukta mbili. Simu yangu haiwezi. Nimeenda kwa Nekesa, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. "Hapa tunatuma mega moja kwa sekunde, mwalimu," alisema. Megabaiti elfu moja na mia mbili, sekunde elfu moja na mia mbili, dakika ishirini. Nilianza saa tisa kamili.

Saa tisa na dakika arobaini: asilimia ishirini na tano.

Ndipo nikaelewa. Mega yake ni ya biti. Faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Si dakika ishirini. Ni saa mbili na dakika arobaini. Nafundisha hesabu hii! Nilikaa nikiutazama ule mstari wa asilimia kwenye skrini.

Saa kumi na moja na dakika tano umeme ukakatika. Asilimia sabini na nane. Uliporudi, sifuri. Nekesa alikuwa anafunga. Hata basi sasa haliwezi kufika Mombasa kabla ya saa nne ya kesho.

Mimi ni mjinga. Mjinga kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Nekesa kanifungulia saa mbili asubuhi. Saa mbili tu zimebaki, na kwa kasi ile zinabeba megabaiti mia tisa. Mia tatu hazitaingia. Nikampigia muuguzi wa daktari. Akasema nitume zile zilizopigwa baada ya sindano ya rangi inayoonyesha uvimbe, zinatosha. Zipi? Diski ina folda nne na majina yake ni namba tupu. "Mara nyingi ndizo nyingi zaidi," akasema.

Folda kubwa ilikuwa na megabaiti mia sita na arobaini. Mara nane. Dakika themanini na tano. Nikikosea, hakuna muda wa nyingine. Nikabonyeza saa mbili na dakika kumi. Niliomba Mungu kwa Kidhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti, mbele ya wateja.

Ikaisha kwenda saa tatu na dakika thelathini na sita.

Saa nne ikapita. Saa tano. Muuguzi hakupiga simu.

Ijumaa, 14 Machi

Muuguzi kapiga. Picha ndizo. Apiyo yumo kwenye orodha, Jumanne. Lakini jicho la kulia limeshakufa, halitarudi. La kushoto watajaribu. Sijamwambia. Sijui kama zile siku tatu za kuhangaika na picha zimelimaliza, au lilikwisha zamani. Sitajua kamwe.

Jumatano, 19 Machi

Kisumu. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Walimpasua jana. Amelala asubuhi yote. Saa sita amefungua jicho la kushoto, akanitazama.

"Umekonda, Adongo," akasema.

Nikamwinua kidogo, nikampa uji.