Mama, Kuhusu Chama Chako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu ananiambia uvimbe umepungua, ila fimbo hutaki hata kuiona, na kwamba majuzi ulipanda ngazi kwenda kuchungulia kama tangi la maji limejaa, wakati nyumba imejaa vijana wa kutumwa. Sikuulizi kwa nini, nakujua. Nakuomba tu ngazi uwaachie wao. Huku sote tu wazima. Wajukuu zako wanasoma vizuri. Mkubwa ameanza kubadilika sauti, na akiita kutoka chumbani huwa tunadhani tumepata mgeni.

Najua umenipigia simu mara nyingi tangu Jumamosi, na najua unavyochukia simu isipopokelewa. Nimeiona kila ilipoita. Nilikuwa naigeuza kifudifudi mezani na kujifanya nina kazi. Kwenye simu, Mama, ungenikatiza katika sentensi ya kwanza, na jambo nililo nalo likikatwa katikati litakuwa baya kuliko lilivyo. Ndiyo maana naandika. Niko hapa maabara, ni asubuhi, nasubiri sampuli za udongo zikauke kwenye tanuri, na tangu nianze kuandika nimeinuka mara kadhaa kwenda kuzitazama kama vile zinaweza kukimbia. Tangu Jumamosi ndivyo nilivyo. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui niende wapi. Mkweo amesema nimekuwa kama mtu aliyekalia siafu.

Hongera bila shaka umeshapewa. Watu wako wa zamani hawawezi kuacha kukupigia. Ni kweli, nimechaguliwa. Mwanao ndiye mwenyekiti mpya wa Chama cha Watafiti wa Udongo, chama ulichokianzisha wewe na wenzako wawili kabla sijajua kusoma. Lakini nadhani waliokupigia hawakukueleza nilichaguliwa kwa kusema nini. Wengine wanaona ni mzaha, wengine wanakuonea haya. Acha nikueleze mimi, toka mwanzo.

Ulinipa vipaumbele vitatu vya kugombea navyo, na nilivishika kwa kichwa kama mtoto wa shule: jarida lirudi kuchapishwa, kongamano lifanyike kila mwaka, na chama kipate jengo lake. Nilikuwa navikariri bafuni. Wiki ya uchaguzi nikaenda ofisini kwa chama ili nisije nikaulizwa jambo nikatoa macho. Katibu bado ni yule yule, Muhuri, na bado anapenda kugonga muhuri kila karatasi inayopita karibu yake. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari zako kabla ya zangu. Nilipomwambia nimekuja na vipaumbele vyangu, akaniomba asivisome, avikisie. Akavitaja vyote vitatu, na kwa mpangilio ule ule. Akacheka mpaka akafuta macho. Alisema kila mgombea tangu ulipoondoka ameahidi jengo, na kwamba kama wangejenga hata nusu ya yaliyoahidiwa, sasa chama kingekuwa na mtaa mzima.

Kisha akanifungulia chumba cha nyuma. Mama, sampuli zako zipo. Ule udongo mlioukusanya nchi nzima, mkilala kwenye madarasa na kubebana kwenye tope, bado uko kwenye mifuko yake, umepangwa mpaka dari. Niliuliza nani ameutumia. Muhuri akajibu kwamba kuna mwaka watu wa televisheni walikuja kuupiga picha.

Hata hivyo niliendelea kutafuta kura. Niliambiwa kuna vijana wa shahada za juu ambao hawajajiunga na chama, na kwamba nikiwaleta wao nimeshinda. Hukutana mgahawani nyuma ya chuo, saa ambazo wapishi wamemaliza kazi. Anayewaita ni binti mmoja anayeandika tasnifu yake ya uzamivu, wenzake humwita Tope kwa sababu ya mabuti yake. Niliwakuta wameunganisha meza tatu. Katikati wamefungua mizani iliyoharibika, wanaitengeneza, na huku wanabishana. Nikajitambulisha, nikaeleza vipaumbele vyangu, nikawaomba wajiandikishe.

Tope alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniambia, bila dharau yoyote, “Mwalimu, tukiingia kwenu tutakuwa wanachama. Hapa sisi ni watafiti.”

Nilikasirika, Mama. Nilikasirika kwa niaba yako. Nilitaka kumwambia huyu binti kwamba kuna watu walioumia magoti ili yeye apate cha kutafiti. Lakini kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja pembeni yake aliinua mkono, akasema vipimo vyake vya uchachu wa udongo vimekosewa vyote, msimu mzima, na hajui alipokosea. Akaomba wamsaidie. Hakuna aliyemcheka. Walisogeza viti, mmoja akaanza kumuuliza alikaushaje, mwingine akamuuliza maji aliyatoa wapi. Nilivuta kiti na mimi. Nilikaa mpaka wapishi wakaja kudai meza zao. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipojiuliza ni lini katika chama chetu nimewahi kumsikia mtu akisema amekosea. Kwetu hukosea wapinzani tu.

Sasa twende Jumamosi yenyewe. Ukumbi ulikuwa umejaa, maana chama chetu kwa uchaguzi hakina mpinzani, tunachagua kwa ustadi kuliko tunavyotafiti. Tulikuwa wagombea watatu. Wa kwanza kupewa nafasi alikuwa yule tunayemwita Kongamano, nadhani unamkumbuka, yule ambaye hawezi kunywa chai bila kumtaja mtu aliyekutana naye ng’ambo. Aliahidi mkutano mkubwa wa bara zima, wageni wenye majina, na jengo. Akapigiwa makofi. Akafuata mkuu wa maabara ya chuo, mama mmoja mkavu lakini mkweli. Yeye alisema kipaumbele chake ni kila mwanachama mkongwe kumlea mtafiti mmoja mchanga, na jarida kutolewa mtandaoni ili lisingoje mchapishaji. Alisema vizuri. Na yeye mwishoni akataja jengo, lakini kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu.

Ikawa zamu yangu. Mwenye kuendesha shughuli alinitambulisha kama mtoto wa Mama Mwenyekiti, na ukumbi mzima ukapiga makofi kabla sijasema neno. Nikaanza kama tulivyokubaliana. Nikasema, “Ndugu wanachama, vipaumbele vyangu ni vitatu.” Mama, cha kwanza hakikutoka. Ulimi uligoma. Nilikuwa nakiona kabisa kichwani, jarida, lakini mdomo haukutaka kukitamka. Watu wakaanza kutazamana. Nikaona mbele yangu ile mifuko iliyofika dari, nikamwona na yule kijana aliyeinua mkono, na maneno yaliyotoka sikuwa nimeyapanga na mtu yeyote, hata na mimi mwenyewe.

Nikasema, “Nimekosea. Ninacho kimoja tu. Naomba mnichague ili nikifunge chama hiki.”

Ndiyo, Mama. Ndivyo nilivyosema. Soma tena kama hukuamini, mimi mwenyewe bado siamini.

Mtu wa nyuma akacheka, wa pili akapiga makofi, na kicheko kikaenea. Mkuu wa maabara hakucheka. Alisimama akauliza, tukishakifunga, vilivyomo vinakwenda wapi. Nikamjibu kwamba vifaa na sampuli zote wapewe watakaozifanyia kazi, jarida wapewe walio tayari kuliandikia, na sisi tuliobaki, anayetaka kutafiti aende akavute kiti palipo na utafiti. Nilisema mambo haya huku nimeshika meza. Kisha nikakaa.

Walipohesabu kura nikawa nimewapita wote wawili. Usiniulize ilikuwaje. Kongamano alikuja kunikumbatia, akaninong’oneza kwamba ule ulikuwa mzaha wa mwaka, na kwamba damu ya Mama Mwenyekiti haiwezi kufunga chama. Nikatambua kuwa wengi walionichagua hawakukichagua nilichosema. Wamekuchagua wewe, kwa mara nyingine. Mkuu wa maabara yeye alinipa mkono akaniambia atanipinga kwa nguvu zake zote, lakini angalau amenielewa. Toka siku hiyo ndiye mtu pekee ninayeweza kuzungumza naye bila kujisikia mwongo.

Jumatatu nilikwenda kwa Muhuri kumuuliza chama kinafungwaje. Hakuonekana kushangaa. Alichomoa katiba, ile uliyoiandika wewe, akanisomea kwa sauti ya kuhubiri. Unahitajika mkutano mkuu maalumu na theluthi mbili ya kura. Na kura hiyo haipigwi mpaka waasisi walio hai waitwe, wapewe nafasi ya kusema mbele ya wanachama. Mwenzenu mmoja alishatangulia mbele ya haki. Wa pili alihama, na barua za chama humrudia mwenyewe Muhuri. Umebaki wewe. Mwaliko rasmi uko mezani kwa Muhuri, umeshagongwa muhuri, bila shaka mara mbili. Nilimwomba asiutume mpaka barua yangu hii ikufikie.

Nimekwenda tena kuzitazama sampuli. Bado zina unyevu. Nina jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya niigeuze simu kifudifudi. Yale ya ukumbini ungeyasikia tu kwa watu.

Sababu nilizozitoa kule ni za kweli. Chama kimechoka, watafiti wako kwingine, udongo wako umelala. Lakini nilipotamka neno “nikifunge,” nilisikia raha, Mama. Siyo raha ya mtu aliyeona ukweli. Ilikuwa raha ya mtoto. Hukuwahi kujua kwamba mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakiita chama “kifungua mimba.” Tulikuwa tunasema, mimi si wa kwanza, mimi ni wa pili, wa kwanza yuko sebuleni anahudumiwa. Jioni za mikutano yenu tulifanyia kazi za shule kitandani, tukisikia sauti yako kupitia ukuta, ukicheka kicheko ambacho kwetu hukuwa unakileta, kwa sababu ulikuwa unafika umechoka. Sikulaumu. Tulikula, tulisoma, na ulitupenda. Na nikasomea udongo, pengine kwa kutaka tu kuingia kile chumba. Nilipoingia, ulikuwa umeshastaafu.

Basi hapo ndipo usingizi unaponiruka. Sijui kama nataka kukifunga chama kwa kuwa kimekufa, au kwa kuwa ni chako. Nimejiuliza nikiwa darasani, nikiwa barabarani, nikiwa nakula, na kila siku napata jibu tofauti. Mkweo nimemweleza, akasema swali hilo mwenye kulijibu si mimi peke yangu.

Kwa hiyo nakuomba uje. Usije kunibariki, na tafadhali usije kwa kunionea huruma kwamba mwanao asiaibike. Njoo unipinge. Simama mbele ya watu wale, kwa ile sauti iliyokuwa inapita ukutani, uwaambie kwa nini chama hiki kiendelee kuwepo. Uwaambie mlipokuwa mnalala madarasani mlikuwa mnatafuta nini. Mimi sijawahi kukusikia ukilisema hilo nikiwa chumba kimoja na wewe. Ukinishinda, nitakikalia kile kiti na kufanya kazi mpaka mifuko ile ifunguliwe yote, mmoja mmoja. Na ukishindwa, utakuwa umeshindwa na mtu aliyekusikiliza mpaka neno la mwisho. Pengine ukifika utapenda tupitie kwanza kule mgahawani. Nimemwambia Tope habari zako. Kumbe aliwahi kusoma ripoti yako ya udongo wa mabondeni, na ana maswali ambayo mimi nimeshindwa kuyajibu. Anadai kuna mahali umekosea. Nilimwambia akuambie mwenyewe, nikiwa mbali kidogo.

Kama umekasirika, kasirika, ni haki yako. Ila usinyamaze. Nimekulia kwenye sauti yako, kimya chako sikiwezi.

Barua hii anaileta mkweo mkononi. Amekuja huko kikazi na atarudi Ijumaa asubuhi kwa gari la ofisini, kiti cha mbele amekuwekea wewe ili goti lipate pa kunyooka. Usimpe jibu la maandishi anibebee. Panda naye.

Msalimie sana mdogo wangu, umwambie nimekueleza lile la kifungua mimba, asije akashtuka ukimuuliza. Wasalimie watoto na shemeji. Wajukuu zako wa huku wanakuamkia, na chumba chako kimeshafagiliwa. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi,
mwanao mkubwa.