Mama na Kiti cha Baba Klabuni

Gyumri,
11 Machi 2009

Mpendwa kaka Hrant,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Arpine na watoto. Kifua cha Lusine kimepona? Sisi hatujambo. Theluji bado haijaondoka, na goti la mama linamsumbua asubuhi tu. Ikifika mchana amelisahau.

Najua unasubiri jibu kama atakuja kukaa nanyi Marseille. Jibu limetoka kwenye sataranji, kwa hiyo nivumilie.

Unaikumbuka desturi ya klabu: mchezaji wa meza ya kwanza akifariki, kiti chake hakikaliwi mwaka mzima, kisha wanaokitaka hukishindania kwa mchezo mmoja. Mwaka wa baba ulitimia Jumamosi. Mzee Vazgen alishajihesabia kuwa kiti ni chake. Mama naye akavaa koti lake jeusi, akaniambia anakwenda kukichezea, na akishindwa atafunga nyumba aje kwako. Nakiri kaka, nilimwombea ashindwe. Nimechoka kumwaza akipanda ngazi zile peke yake na kuni mkononi.

Nilikwenda naye. Vazgen unamjua, hana subira. Tangu mwanzo askari wake walikuwa mbio kumwelekea mfalme wa mama. Mama hakushambulia hata mara moja. Kila upenyo aliuziba, tena taratibu, kama anayekunja nguo. Mchezo ulipokolea akamrudisha farasi wake mpaka pale alipoanzia. Watu wakaanza kuchekacheka.

“Shemeji, huyo farasi kaona baridi?” Vazgen akamtania.

“Kaenda kula. Wako mbona wanahema?”

Yule farasi akazungukia upande wa pili, akatua katikati ya ubao mahali ambapo hakuna wa kumfukuza. Hapo ndipo nilipoelewa. Askari wa Vazgen walikuwa wamekwenda mbali mno, hawawezi kurudi, na tembo wake, kete iendayo mshazari, amefungiwa nyuma yao. Hakuwa amenyang'anywa chochote cha maana, ila hakuwa na pa kusogea. Zamu ikawa yake, nayo zamu hairukwi, na kila hatua ilikuwa ya kujiumiza. Aliutazama ubao mpaka kahawa yake ikapoa. Akamlaza mfalme, akakubali kushindwa.

“Nani kakufundisha, shemeji?”

“Wewe. Miaka thelathini nawamiminia kahawa hapa, wewe na marehemu, mkicheza. Yeye alikuwa anangoja tu mpaka wewe uchoke kungoja.”

Vazgen aliinuka. Alikwenda kukichukua kiti cha baba pale ukutani, akakipangusa kwa mkono wa koti lake, akamwekea mama, akabaki amesimama mpaka mama alipokaa. Kaka, sijapata kujivunia mtu namna ile, na niliona aibu kwa dua yangu.

Basi usikate tiketi. Kile chumba mlichomtengea wape watoto. Jumapili mama anaongoza timu kwenda Vanadzor, na kuni nitapandisha mimi.

Nisalimie wifi, Lusine na Davit mdogo. Mjomba Sahak anakusalimu sana. Mungu awatunze huko ugenini na atukutanishe tukiwa wazima.

Usiku ule wa Jumamosi mama alilia, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Kisha akanawa uso, akauliza kama kuna chakula.

Dada yako akupendaye siku zote,
Nazeli