Bahari Ilifika Mupaka ku Kikwembe ya Mama

Mujukuu wangu Patient,

Jambo sana. Huku Bel-Air tuko bazima. Tantine yako alirudi jana toka Kasumbalesa na kikohozi, lakini anacheka tu vile unamujua.

Unaniuliza uanze na filme gani ku etajeri yako mupya, ile kabati ya kupanga filme, juu barafiki wanakucheka kama hauna zile kubwa-kubwa. Miye majina ya filme sijue. Nitakuambia kintu kimoja tu.

Nilikuwa mutoto. Ku kamp ya bantu ba reli, giza ikiingia, walikuwaka wanatundika shuka nyeupe inje na kutuonyesha filme. Siku moja ikatokea bahari. Kati yetu hakuna hata mumoja alikuwa ameiona. Upepo ikapiga ile shuka, maji yote ikasimama, ikakuja juu yetu. Mama yangu, mwanamuke asiyeogopa kintu, akanyanyua miguu na kupandisha kikwembe yake mupaka ku magoti, ili isilowe.

Wewe huko Durban unaiona bahari kila siku. Miye niliiona ile mara moja tu, na bado inanijia. Filme ya vile ukiipata, njo uanze nayo.

Tulirudia nyumbani. Mama akavaa kikwembe ingine, ile ya kwanza akaianika ku kamba. Baba, tulikuwa naye kule, akaishika. Ilikuwa kavu kabisa. Hakucheka. Akaitandaza muzuri, ikauke.

Ni miye nkambo yako,
Anastasie