Kiapo cha Bi Mwanahamisi

Jumatano, Madale

Afadhali. Shauri halijatupwa.

Ila nina hasira na nafsi yangu. Mwaka mzima tumejitolea, wakili mwenzangu na mie, kupinga kwa Katiba kile kifungu cha sheria kinachowanyima washtakiwa dhamana, halafu nusura tuangushwe na mstari mmoja nilioandika mwenyewe. Nilichukua hati ya kiapo ya kesi ya zamani, nikabadilisha majina, nikasahau dini. Kwa hiyo mteja wetu, Bi Mwanahamisi wa Temeke, ambaye mwanawe yuko mahabusu mwaka wa tatu sasa, kwenye karatasi za mahakama akawa Mkristo.

Wakili wa serikali aliusoma mstari huo taratibu, kwa raha zake, akaomba shauri lifutwe. Nikasimama, nikakiri kosa ni langu. Majaji wakanong'onezana hadi nikaanza kufikiria nitamwambia nini yule mama...

Basi, wametupa siku saba tulete kiapo kipya. Kesi yenyewe haijaanza hata kusikilizwa, na hiyo bado inanitisha.

Nje nilimwomba radhi Bi Mwanahamisi. Hajui kusoma. Siku ile ya kuapa nilimsomea kiapo chote, ila ule mwanzo wa jina na dini niliuruka. Sie mawakili hatuusomagi.

"Umenibatiza bila maji, mwanangu," akasema, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaniuliza:

"Hicho kipya utanisomea chote?"

"Chote, mama."

"Anzia kwenye jina langu."