Kinanda Kilichomtoa Simai

Malindi, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
2 Agosti 1998

Mpendwa ndugu yangu Sami,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati? Mkeo Basma hajambo, na watoto? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua, na mama yako, Bi Jokha, anakohoa kidogo. Nakusalimu kwa adabu zote kwa sababu salamu ni haki ya Muislamu. Nshamaliza. Sasa ujue kuwa nna hasira na wewe.

Kinanda ulichotuletea kilifika. Kizuri, sikatai. Kina ngoma ndani yake: ukibonyeza, inapiga yenyewe mpaka uizime. Hebu nikueleze kilivyotufanya.

Unajua tulikotoka. Enzi za bugaluu, dansi la ujanani mwetu, mimi na Simai tulikuwa na bendi yetu, Thuwaini na yake, na tukipishana mtaani hatuamkiani. Mwaka huu, na mvi zetu, tukasema uhasama wa nini tena? Tukaunda bendi moja, tupige roki letu tulilolitunga wenyewe, si kuigaiga nyimbo za watu. Mimi gitaa, Thuwaini besi na kuimba, Simai ngoma. Tulisoma Fatiha, tukafukiza udi, tukala sinia moja chumbani kwa Simai, Kikwajuni, na humo ndimo tulimofanyia mazoezi. Majirani walisema wazee wamerukwa na akili. Wallahi sijafurahi vile tangu nioe.

Ikaja hoteli moja ya Kiwengwa, ikatutaka. Meneja akasema ngoma zina makelele, wageni wanakula. Badala ya kumwambia kwaheri, Thuwaini akamjibu asiwe na wasiwasi, tuna kinanda, na mpwa wake Anwar atakibonyeza. Mimi nikaambiwa Simai anaumwa. Kumbe Simai yuko mlangoni kwake, ngoma zimeshafungwa kamba, amevaa shati alilolishonesha kwa siku ile, anangoja gari! Hakuna aliyemwambia neno. Na sisi tuko Kiwengwa tunapiga na mashine, ati bendi!

Simai huyu ndiye aliyelala matangani alipofiwa Thuwaini na mamake. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Nilipojua, nilimtukana Thuwaini nje ya msikiti, astaghfirullah, mpaka watu wakatutenganisha. Akanambia mashine haichelewi wala haiumwi. Nikamwambia, wala haitakuzika!

Na hapo ndipo alipokutaja wewe. Kasema ni wewe uliyemwambia kwenye simu kuwa kwa kinanda hiki hatumhitaji tena mpiga ngoma. Ebo! Sami, umekaa Maskati, nani kakuomba fatwa?

Simai kafunga virago, karudi kwao Makunduchi. Roho ikamsuta Thuwaini, akaona dawa ni Mwaka Kogwa. Desturi yao unaijua: siku ile wenye vinyongo huchapana kwa migomba uwanjani, wakatoleana yote, yakaisha. Nilifuatana naye, na sikufichi, nilitamani kumwona akichapwa. Akamwendea Simai, akajitoa kifua. "Nipige, Simai! Nipige yaishe!"

Simai akamtazama. "Mimi na wewe hatuna neno," akasema. Akauweka mgomba wake chini, akaenda kunywa chai.

Thuwaini alibaki kasimama katikati ya watu wanaochapana, hapana anayemgusa. Nlidhani ntacheka, nikashindwa. Tulipomfuata Simai nyumbani, mkewe, Mwanakheir, alituzuia mlangoni. "Mtu hupigwa na anayemtaka," akasema, akafunga mlango. Thuwaini alilia njia nzima mpaka mjini.

Sasa sikiliza. Kinanda kiko juu ya kabati la mama yako, na hapo kitakaa. Usiniandikie mimi, usimwandikie Thuwaini. Mwandikie Simai, kwa mkono wako, umtake radhi, kwani neno lilitoka kinywani mwako. Akirudi, bendi ipo. Asiporudi, gitaa langu nalitundika mpaka nife, na wewe utakuwa umeiua bendi ya wazee kwa zawadi.

Bi Jokha anakusalimu na anauliza utakuja lini. Binti zangu Ilham na Khawla pia wanakusalimu. Nisalimie Basma, uwabusu watoto. Mola akuhifadhi huko ugenini na akurejeshe kwetu salama.

Wako akupendaye, na ndiyo maana nimekuchapa,
Basil